USIWAPELEKE MLIMANI KISHA UKAWARUDISHA WAMECHOKA ZAIDI

 

Msimu umefika. Shule zikikaribia kufungwa mwezi wa Agosti, viongozi wa seli na ushirika wa nyumbani huanza kupanga ritriti. Mmoja anatafuta basi, mwingine anatafuta mahali pa bei nafuu Limuru au Naivasha, mwingine ananipigia simu: "Pastor, tupe mhubiri moto wa Ijumaa usiku." Wiki hii pekee nimepata simu nne za namna hiyo, na zote zimeniuliza habari za wahubiri. Hakuna hata moja iliyoniuliza habari za watu wanaokwenda.

Kwa hiyo leo nina neno na wewe unayeongoza kikundi kidogo. Wewe mwenye watu wanane, kumi au kumi na wawili ambao huketi sebuleni kwako kila Jumatano na kunywa chai yako. Neno lenyewe ni hili: ritriti yako haihitaji mahubiri mengi, inahitaji nafasi. Najua wengine mtashtuka, maana mimi pia ni mhubiri na mahubiri ndiyo kazi yangu. Nivumilie hadi mwisho.

Nianze kwa kutubu mbele yako.

Miaka saba iliyopita nilipeleka kikundi kimoja Limuru, watu kumi na wanne, kuanzia Alhamisi jioni hadi Jumamosi mchana. Niliandaa ratiba ya rangi, nikaichapisha, kila mtu akapewa nakala. Maombi saa kumi na moja alfajiri. Somo la kwanza saa mbili. Somo la pili saa nne. Semina ya ndoa, semina ya fedha, kesha. Kwa siku mbili tulikuwa na masomo tisa, na matatu yalikuwa yangu. Chuo cha Biblia kilinifundisha kuandaa hubiri lenye vipengele vitatu na hitimisho. Hakikunifundisha kunyamaza, nami sikuwa nimejifunza popote pengine.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana, ndugu mmoja alinifuata pale nje kwenye ukungu. Alikuwa mweka hazina wa chama cha kile kikundi. Akaniuliza, "Pastor, una dakika?" Nikaangalia saa. Semina ilikuwa inaanza. Nikamwambia, "Tuongee jioni, ndugu." Jioni ikawa kesha. Jumamosi asubuhi akanifuata tena. Wakati huo nilikuwa nahangaika na spika iliyokataa kuwaka. Nikamgusa bega nikasema, "Tukifika Nairobi tutaketi vizuri."

Tulipiga picha ya pamoja. Yuko pale pembeni, anatabasamu. Jumapili watu walishuhudia kanisani kwamba ritriti ilikuwa moto.

Wiki tatu baadaye akina mama walienda kutoa pesa za chama walipe karo ya muhula wa tatu. Shilingi 86,000 hazikuwepo. Ndugu alikuwa amezima simu na kwenda kwao mashambani. Kikundi kikavunjika. Dada wawili waliacha kuja kanisani kabisa, na mama mmoja alikopa kwa riba ili mtoto wake asifukuzwe shule.

Nilimfuata kwao baada ya miezi mitatu. Tuliketi chini ya mwembe, akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Pastor, nilikuja Limuru kutubu. Nilijaribu mara mbili. Siku hiyo elfu hamsini zilikuwa bado ziko. Nilipokosa mtu wa kuniskiza nikaogopa, na mwenye hofu hutumia pesa vibaya."

Sikuiba pesa zile mimi. Lakini niliiba ile dakika aliyoniomba.

(Nimeandika haya kwa ruhusa yake na ya kikundi, na nimebadilisha mambo machache ili asitambulike. Nitaeleza mbele kwa nini ruhusa ni jambo kubwa.)

Nilirudi nyumbani nikafungua 1 Wafalme 19. Fungua nawe. Hiyo ndiyo ritriti ambayo Mungu mwenyewe aliiandaa kwa ajili ya mtu mmoja aliyechoka, na ukiisoma polepole utaona Mungu hakupanga kama nilivyopanga mimi.

Eliya ametoka kwenye ushindi wa Karmeli. Yezebeli amemtishia maisha. Anamwacha mtumishi wake Beer-sheba, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mti na kuomba afe. Huyu ni mtumishi wa Mungu, mpendwa, si mtu wa dunia. Leo angekuwa kwenye kikundi chako angesema "niko sawa, namshukuru Mungu" kisha akae kimya.

Mungu alifanya nini kwanza? Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa akampa mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula, kwa sababu safari ilikuwa ndefu kuliko nguvu zake. Hapo hapajahubiriwa neno hata moja. Mafungo ya siku arobaini hadi Horebu yanakuja baada ya kulala mara mbili na kula mara mbili.

Pale pangoni, Mungu anamuuliza swali: unafanya nini hapa? Eliya anamwaga malalamiko yake yote. Kisha upepo, tetemeko, moto, na mwisho sauti ndogo ya utulivu. Swali linarudiwa lile lile. Na Eliya anajibu yale yale, karibu neno kwa neno. Zamani nilikuwa nahubiri kwamba Eliya alikuwa hajaelewa. Siku hizi naona uvumilivu wa Mungu. Alimsikiliza mtu akilalamika mara mbili bila kumkatiza.

Ndipo akampa kazi, akampa mwenzake Elisha, akamwambia kuna watu 7,000 ambao hawakupiga goti kwa Baali. Akamrudisha alikotoka.

Usingizi, chakula, swali, kusikilizwa, utulivu, kazi, mwenzako, kurudi. Hiyo ndiyo ratiba. Hebu nikuonyeshe jinsi ninavyoipanga sasa.

1. IDADI. Usizidi watu kumi na wawili. Piga hesabu: ukitaka kila mtu azungumze dakika kumi tu bila kukatizwa, watu kumi wanahitaji saa moja na dakika arobaini. Watu thelathini wanahitaji saa tano. Ndiyo maana ritriti ya watu thelathini lazima igeuke mkutano, hata kama hukukusudia. Yesu alikuwa na makutano, lakini alipopanda mlimani kuomba katika Luka 9 alichukua watu watatu.

2. USIKU WA KWANZA NI WA KULALA. Watu wako wanatoka wapi? Mmoja ameamka saa kumi usiku kuwahi matatu. Mwingine amefunga kioski saa tatu usiku. Mama ana mtoto mchanga. Fikeni kabla ya giza, muwape chakula cha moto, mwimbe nyimbo mbili, muombe kwa kifupi, kisha wapeleke kulala. Kesha tunafanya kanisani mwaka mzima. Waambie walete blanketi na sweta, maana Limuru baridi yake haitanii, hasa Julai na Agosti.

3. FUNGU MOJA LA BIBLIA. Chagua kisa kimoja mkae nacho siku zote. Kisome kwa sauti, eleza kwa dakika ishirini, kisha uketi. Nasema uketi, mtumishi. Mkitoka na kisa kimoja kilichoingia moyoni, mmepata zaidi ya masomo tisa yaliyoingia kwenye daftari.

4. SAA YA MTU PEKE YAKE. Baada ya somo mpe kila mtu saa nzima, yeye na Biblia na Mungu wake, kwenye nyasi au chini ya mti, bila simu. Mpe maswali mawili tu. Mimi hutumia lile la pangoni, "Unafanya nini hapa?" na lingine, "Ni nini unachobeba ambacho hakuna anayekijua?" Mara ya kwanza watu watahangaika. Sisi Wapentekoste tumezoea sauti. Kukiwa kimya tunadhani Roho ameondoka. Kuna dada aliniambia dakika ishirini za kwanza alikuwa anahesabu majani ya chai, na dakika ya ishirini na moja akaanza kulia.

5. WAWILI WAWILI KABLA YA WOTE. Mtu haanzi kufungua moyo mbele ya watu kumi. Wapange wawili wawili, mwanamume na mwanamume, mwanamke na mwanamke, watembee na kuzungumza nusu saa. Anayesikiliza asitoe ushauri wala mstari wa Biblia mpaka mwenzake amalize. Jioni ndipo mketi wote, na anayetaka kusema aseme. Asiyetaka asilazimishwe.

6. KIONGOZI AWE NA MIKONO MITUPU. Hii niliilipia gharama. Siku hizi sipiki, siongozi sifa, sishiki spika. Kuna mtu wa chakula, mtu wa nyimbo, mtu wa kutunza saa. Mimi kazi yangu ni kupatikana. Kuna saa mbili kila alasiri ambazo mimi hukaa kwenye benchi mahali panapoonekana na watu wote, na kila mtu anajua anaweza kuja. Mkitaka ritriti yenu ibadilike mwaka huu kwa jambo moja tu, chukueni hili.

7. PESA ISIMFUNGIE MTU MLANGO. Anzeni kuchanga wiki kumi kabla. Shilingi 2,500 ni mlima kwa mama wa mboga, lakini 250 kwa wiki anaweza. Asiyeweza kabisa, kikundi kimlipie kimya kimya, na jina lake lisitajwe kwenye WhatsApp.

Sasa niingie mahali pagumu.

Mwezi wa Aprili 2023 nchi yetu iliamkia habari za Shakahola, kule Kaunti ya Kilifi. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni. Watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, na watoto wakiwa kati yao. Mpendwa, baada ya Shakahola hakuna kiongozi wa Kikristo Kenya mwenye haki ya kuchukua watu, akawapeleka mahali pa mbali, akawafungisha, kisha akikutana na maswali ajibu "ni mambo ya kiroho." Maswali ni halali. Mume wa dada anayekuja nawe ana haki ya kujua mnalala wapi, mnakula nini na mtarudi lini. Mpe anwani na namba ya simu kabla hajaomba.

Nami naamini katika kufunga. Nafunga. Lakini soma Isaya 58 uone kufunga kunakompendeza Mungu: kulegeza vifungo na kumgawia mwenye njaa chakula. Kwenye ritriti ya kikundi mimi siamuru mtu yeyote kufunga. Anayetaka kuacha mlo mmoja aache, na maji anakunywa. Mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito, anayenyonyesha, hao wale chakula chao kwa amani. Na hakuna, narudia, hakuna mtu anayeacha dawa za presha au ARV kwa sababu amefika mlimani. Ukisikia kiongozi anasema imani ni kutupa dawa, panda gari urudi nyumbani usiku huo huo. Malaika wa Bwana alimbebea Eliya mkate. Usijifanye wa kiroho kuliko malaika.

Tena, hakuna maombezi ya mtu mmoja na kiongozi mmoja nyuma ya mlango uliofungwa. Benchi langu liko nje kwa sababu hiyo. Wanaume na wanawake wanalala mbali. Haya si kukosa imani, ni kuwalinda kondoo na kujilinda mwenyewe.

Na siri. Kabla hamjaanza, keti na kikundi mkubaliane kwa midomo yenu: kilichosemwa hapa hakitoki hapa. Hakiwi ombi la maombi kwenye WhatsApp, hakiwi mfano kwenye mahubiri ya Jumapili. Wachungaji wenzangu, tunapenda sana mifano. Mtu akisikia machozi yake yamegeuka kipengele cha pili cha hubiri lako, hatalia tena mbele yako. Omba ruhusa, na akikataa, nyamaza. Lakini waambie mapema pia kwamba siri ina mpaka. Kama mtoto anaumizwa, au mtu anapanga kujiua au kumdhuru mwingine, utatafuta msaada. Kwa habari za watoto namba ni 116, na kupiga ni bure. Mchungaji si polisi wala daktari, na hekima ni kujua hivyo.

Najua pingamizi zenu, maana nimezisikia.

"Pastor, watu wamelipa, watasema hawakulishwa Neno." Walishwe, lakini chakula kinatafunwa. Wewe mwenyewe ukipakuliwa sahani tisa za githeri mfululizo hutasema umelishwa vizuri, utatafuta mahali pa kujilaza.

"Pastor, unamfungia Roho Mtakatifu, mambo ya ukimya ni ya watu wengine." Luka 5:16 inasema Yesu alikuwa na desturi ya kujitenga mahali pasipo na watu akaomba. Kama Bwana wetu mwenyewe alihitaji, sisi ni akina nani? Wala sijasema msiombe kwa sauti. Jumamosi asubuhi kwetu tunawekeana mikono, tunanena kwa lugha, tunashiriki meza ya Bwana, na jirani anasikia. Tofauti ni kwamba wakati huo tunajua tunaombea nini, kwa sababu tumesikilizana.

"Pastor, tukinyamaza na kufunguana mioyo, kutatokea fujo." Hili ni kweli. Kunaweza kutokea fujo. Yakobo 5:16 inatuambia tuungamiane dhambi na kuombeana tupate kuponywa, na kuungama hakuna unadhifu. Lakini fujo iliyotokea Ijumaa mbele ya watu wanaopendana ni afadhali kuliko iliyotokea wiki tatu baadaye benki.

Nimalizie pale nilipoanzia.

Mwaka uliofuata tulirudi Limuru na waliobaki wa kile kikundi, watu tisa, na yule ndugu akiwemo. Wengine hawakutaka aje. Tuliomba ruhusa kwa kila mmoja, na mmoja alikataa akabaki nyumbani, nami nilimheshimu. Masomo tisa yakawa moja: Eliya. Ijumaa jioni tukiwa tumeketi kuzunguka moto, ndugu alisimama akasema alichofanya, kiasi alichochukua, na alikipeleka wapi. Hakutaja shetani. Alisema "mimi." Kisha akaketi.

Hakuna aliyesema haleluya. Palikuwa kimya muda mrefu, na nilitamani sana kusimama nikafunge kwa maombi ili nimwokoe yeye na nijiokoe mimi. Nikajilazimisha kukaa. Hatimaye yule mama aliyekopa kwa riba akasema, "Mimi bado nimekasirika. Lakini nimesikia." Tukalala hivyo.

Asubuhi, kabla ya meza ya Bwana, walikubaliana alipe shilingi 2,000 kila mwezi, na yule mama ndiye aliyeshika daftari. Ilimchukua miaka mitatu na miezi saba. Hakukosa hata mwezi mmoja, ingawa kuna miezi alileta tarehe 30 usiku. Wale dada wawili hawajarudi kanisani kwetu hadi leo. Nawaombea, na najua sehemu ya deni hilo ni yangu.

Kwa hiyo kiongozi mpendwa, kabla hujachapisha ratiba yako, ichukue kalamu na ufute nusu. Halafu uketi na orodha ya majina ya watu wako. Omba juu ya kila jina na ujiulize: huyu akiniambia "Pastor, una dakika?" nitakuwa wapi? Na mkirudi, wapigie simu wiki hiyo hiyo, mkutane tena baada ya wiki mbili, muulizane mmefanya nini na mlichosikia. Eliya alirudishwa njia ile ile aliyokuja nayo, na watu wako pia wanarudi kwenye kodi ile ile, mke yule yule na bosi yule yule.

Leo sitakuomba uandike Amina hapa chini. Chukua simu umpigie yule mtu mmoja uliyemwambia "tutaongea." Unamjua.

Tuombe. Baba, utusamehe sisi tuliozungumza sana kwa jina lako tukakosa kusikia watoto wako. Utupe masikio. Utupe subira ile uliyompa Eliya pangoni. Walinde wote watakaosafiri mwezi huu, uwalishe, uwalaze, useme nao kwa utulivu, na uwarudishe nyumbani salama. Katika jina la Yesu. Amina.

Ni mimi mchungaji wenu, ningali najifunza kuketi.